Komyuniti koleji: kuingia rahisi, kutoka na cheti ndo kasheshe

Kwetu Bongo mwanafunzi akidisko, yani akiondolewa chuo kwa kufeli, watu wanajua. Sapu imemshinda, jina halipo kwenye orodha, bumu limekata, mjomba anapiga simu kuuliza kulikoni, na hata kama ni aibu angalau kuna mtu amegundua kwamba kijana ameanguka. Kwenye komyuniti koleji za Marekani wengi wanaoshindwa kumaliza wala hawafukuzwi, wanapotea tu kimya kimya. Semesta hii yupo, semesta ijayo hajajisajili, hakuna aliyemtoa darasani na hakuna aliyempigia simu, ukimuuliza anakwambia nimepumzika kidogo nitarudi Januari, Januari inapita na ya mwaka unaofuata nayo inapita. Na sio wachache jamani. Ukichukua wanafunzi 100 walioanza kwenye koleji hizi za umma za miaka miwili ukawafuata kwa miaka sita, wanaokuwa wamepata cheti au digrii yoyote, hata kama waliipatia chuo kingine walikohamia, ni kama 43. Miaka sita, kwa kitu kinachotangazwa kuwa ni cha miaka miwili.

Mi naandika hili kwa sababu linatuhusu sana sisi waswahili tulioko huku. Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na kambi za Burundi, Rwanda na Uganda wakapewa makazi Louisville, Des Moines, Houston, Dayton, Portland ya Maine na kwingine, Wakenya wa Dallas na Minnesota, Watanzania waliozagaa kila jimbo, wengi wetu mlango wa kwanza wa elimu ya juu ni huo. Pale Twin Falls, Idaho, kwa miaka mingi kituo cha kupokea wakimbizi kilikuwa chini ya koleji yenyewe, College of Southern Idaho, yani familia iliposhuka kwenye ndege wa kwanza kuipokea walikuwa watu wa koleji. Hizi koleji zimeanza zamani, ya Joliet kule Illinois ni ya mwaka 1901, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza zitandazwe nchi nzima ili mtu asome karibu na kwao kwa ada ndogo, leo ziko kama elfu moja. Mlango uko wazi kweli, hawakuulizi ulipata division gani. Na hilo ni jambo jema ambalo sitaki mtu yeyote alichezee.

Ila ukikaa kwenye vikao vyetu, iwe msibani au kwenye kitchen party, maelezo ya kwanini watu hawamalizi ni yale yale, kwamba vijana wanapenda hela, wakishaonja ovataimu shule inawatoka, au kwamba hawakuwa na kichwa tangu mwanzo. Nakataa. Wapo wa hivyo lakini sio ndo sababu kubwa, na ushahidi upo wa kutosha kabisa kwamba ukimchukua mwanafunzi yule yule, mwenye umaskini ule ule na hesabu zile zile zinazomsumbua, ukabadilisha namna koleji inavyomhudumia, anamaliza. Tatizo kubwa liko kwenye mpangilio wa koleji zenyewe, zimejengwa kwa ajili ya mtu mwenye muda, mwenye gari linalowaka, na mwenye mzazi aliyesoma huku wa kumuelekeza, na wanafunzi wa namna hiyo kwenye hizi koleji ni wachache.

Chukua mama mmoja wa mfano, anafanya CNA, yani msaidizi wa manesi, shifti ya usiku, watoto watatu, amejiandikisha krediti 12, yani masomo manne hivi, kwa sababu ameambiwa ukichukua 12 unahesabiwa ni full taimu na msaada wa Pell unatoka wote. Pell ni hela ya serikali kuu ambayo hurudishi, tofauti na bumu letu ambalo ni mkopo, kwa mwaka inafika mpaka dola 7,395, na mkimbizi au mwenye grini kadi akiwa na kipato kidogo anaipata. Ada ya semesta inakatwa, kinachobaki anapewa yeye, analipa renti. Wiki ya tano mtoto anaugua, au gari linakufa, au meneja anambadilishia shifti, anaacha kwenda darasani akidhani hasara yake ni muda tu. Hajui kwamba kuna sheria kwamba ukiacha masomo yote kabla semesta haijafika asilimia 60, ile Pell unahesabiwa umeistahili kwa zile siku ulizosoma tu, koleji inalazimika kurudisha sehemu serikalini, alafu inageuka na kukudai wewe. Anajikuta ana deni ambalo linaweza kuvuka dola elfu moja, na mwenye deni hajisajili semesta inayofuata mpaka alipe. Alafu kuna kigezo cha pili, kwamba ili uendelee kupata msaada kwa kawaida lazima ufaulu kama theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha na wastani usishuke chini ya C. Ukichukua 12 ukaangusha 6 tayari uko nusu. Unapewa onyo, ukirudia unasimamishiwa msaada, na unaweza kukata rufaa ila barua ya rufaa inatakiwa iandikwe Kiingereza cha ofisini na viambatanisho vyake, na huyu ndo kwanza bado yuko darasa la Kiingereza.

Sasa mwambie nani huyo mama kwamba ni mvivu. Angekuwa na mtu mmoja tu, mtu anayemjua kwa jina, wa kumwambia wiki ya tano kwamba usiache yote, acha masomo mawili ubaki na mawili, nenda ofisi ile kuna hela ya dharura, mwalimu wa biolojia nitaongea naye akuruhusu ulete ripoti wiki ijayo. Hiyo simu moja ndo ingeokoa semesta. Lakini kwenye koleji nyingi mshauri mmoja wa masomo anabeba wanafunzi mamia, kuna mahali wanafika hata elfu moja na zaidi, kwahiyo ni kazi ya kusaini fomu tu.

Jambo la pili ambalo limeua ndoto za watu wengi ni yale madarasa ya maandalizi. Kwa miaka mingi ukiingia koleji unapewa mtihani wa kompyuta wa hesabu na Kiingereza, saa moja au mbili, bila kuambiwa kwamba una uzito mkubwa, wengine wanaufanya wametoka kazini asubuhi hawajalala, na matokeo yake unapangwa ngazi ya chini kabisa, unaanza hesabu za sehemu na desimali, ukifaulu unapanda ngazi ya pili, alafu ya tatu, ndo uruhusiwe kugusa hesabu ya koleji yenyewe. Madarasa hayo unalipia, yanakula Pell yako ambayo ina kikomo cha semesta 12 maisha yako yote, na hayahesabiki kwenye digrii. Piga hesabu mwenyewe: waanze 100 ngazi ya chini na kila ngazi wafaulu 70 katika 100, ambayo sio mbaya. Ngazi ya kwanza wanabaki 70, ya pili 49, ya tatu 34, na ile hesabu yenyewe ya koleji wanaifaulu 24. Na hapo nimefanya kama kila aliyefaulu alijisajili ngazi inayofuata, wakati wengi waliishia njiani hata bila kufeli, kila likizo kati ya ngazi na ngazi ni nafasi ya maisha kumvuta mtu pembeni.

Baadhi ya majimbo yameshastuka. Tennessee kuanzia mwaka 2015 walisema hakuna tena ngazi za chini, mwanafunzi dhaifu anaingia moja kwa moja hesabu ya koleji ila anawekewa na kipindi cha ziada cha kumsaidia semesta hiyo hiyo. Kabla ya hapo wale waliopangwa madarasa ya maandalizi, waliokuwa wanafaulu hesabu ya koleji ndani ya mwaka mmoja walikuwa kama 12 katika 100, baada ya mabadiliko ikavuka nusu. California wakapitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017, kwamba koleji iangalie kwanza maksi za sekondari za mtu badala ya ule mtihani wa saa moja, maana maksi za miaka minne zinamwelezea mtu vizuri zaidi. Wanaofaulu hesabu ya koleji mapema wameongezeka sana. Lakini niseme na upande wa pili, kwa sababu kuna walimu wanalalamika na wana haki: wanaofeli kwa idadi nao wameongezeka, maana wale ambao zamani wangepotea kwenye ngazi za chini bila kuonekana sasa wanafelia kwenye darasa lenyewe. Mi bado naona ni afadhali, ila afadhali hiyo ina sharti, kile kipindi cha ziada kiwepo kweli na kiwe na mwalimu mzuri, koleji isifute madarasa ya chini ili ibane matumizi alafu imtupe mtu kwenye maji marefu.

Na kwa watu wetu kuna kona ambayo hizi sheria haziingii vizuri. Kijana aliyesoma Nyarugusu amesoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, karatasi zake nyingine zimebaki kambini au zimepotea, hizo maksi za sekondari koleji itazitoa wapi? Huyo anarudishwa kwenye mtihani wa Kiingereza na mtihani wa Kiingereza unamsema kwamba hajui hesabu. Nimeona vijana wanaopiga hesabu vizuri kuliko wenzao waliozaliwa huku wamekaa darasa la kujumlisha sehemu kwa sababu swali lilikuwa la maneno na maneno ndo yaliwashinda. Kupima hesabu kwa lugha ambayo mtu anaielewa ni kitu ambacho koleji yenye Wakongo mia mbili mlangoni inaweza kukifanya mwaka huu huu, haihitaji sheria ya jimbo.

Turudi kwenye ushahidi niliousema, maana bila huo haya yangekuwa maneno ya kijiweni. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, kilianzisha programu kwenye koleji zake inaitwa ASAP. Mwanafunzi anakubali kitu kimoja kikubwa, kusoma full taimu, na kuonana na mshauri wake mara kwa mara. Yeye anapewa nini? Kama msaada wa serikali haufiki kwenye ada pengo linafidiwa. Vitabu anapata. Kadi ya treni na basi anapewa kila mwezi. Vipindi vinapangwa kwa mfululizo ili asije koleji asubuhi saa mbili akarudi tena jioni. Anahimizwa yale masomo ya maandalizi ayamalize mwanzoni asiyakimbie. Na mshauri wake ana wanafunzi kati ya 60 na 80 tu, wakati huo huo washauri wa kawaida kwenye koleji hizo hizo walikuwa na kati ya 600 na 1,500. Na hiyo huduma sio ya semesta moja ya kukaribishwa, ni miaka mitatu mizima.

Taasisi ya utafiti ya MDRC ikaja kuipima, na wakaipima kwa namna ambayo ni ngumu kubishana nayo, walichukua wanafunzi wenye kipato kidogo waliokuwa wanahitaji madarasa ya maandalizi, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia ASAP wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, wa huduma za kawaida waliomaliza walikuwa 22 katika 100, wa ASAP 40. Karibu mara mbili. Wakosoaji wakasema hao wamewahishwa tu, wenzao watawafikia, wakafuatwa mpaka mwaka wa sita: 51 kwa 41, pengo lilipungua lakini halikufa. Wengine wakasema hiyo ni New York, jiji lina treni, lina hela. Koleji tatu za Ohio, za Cincinnati, Cleveland na kaunti ya Lorain, zikaiga programu hiyo hiyo kwa mazingira yao, mahali pa treni wakaweka kadi za mafuta na za kununulia chakula, na baada ya miaka mitatu ikawa 35 kwa 19. Walipoendelea kuwafuatilia mpaka kwenye mishahara, mishahara nayo ikaonekana imepanda.

Hapo ndo huwa nasimama na watu wanaosema wanafunzi hawana kichwa. Bahati nasibu haichagui vichwa. Waliopata 40 na waliopata 22 ni watu wa aina moja, kilichotofautiana ni koleji iliwafanyia nini.

Na kilichofanya kazi sio kadi ya treni peke yake wala mshauri peke yake. Koleji zimejaribu miaka mingi kitu kimoja kimoja, mara semina ya mwaka wa kwanza, mara programu ya kompyuta inayotuma ujumbe wa kukumbusha, mara udhamini mdogo, na vingi vimeleta matokeo madogo yanayoyeyuka semesta mbili baadaye. Ukimpa mtu nauli bila mshauri atafika koleji akachukua masomo yasiyohesabika. Ukimpa mshauri bila nauli atakuwa na mpango mzuri sana kwenye karatasi na hafiki darasani. Shida zake zinakuja kwa mpigo kwahiyo msaada nao lazima uje kwa mpigo na ukae muda wote mpaka amalize.

Najua swali linalofuata, hela. ASAP kwenye ule utafiti iligharimu kama dola 16,300 zaidi kwa kila mwanafunzi kwa miaka mitatu ukilinganisha na huduma za kawaida, sio hela ndogo. Lakini watafiti wakapiga hesabu nyingine, wakachukua gharama zote wakagawa kwa idadi ya waliomaliza, na gharama ya kila digrii moja ikatoka ndogo kwenye ASAP kwa zaidi ya asilimia 11. Hili mi naliona ndo kiini cha mambo yote na sijui kwanini halizungumzwi kila siku. Koleji inayojivunia kwamba inamhudumia mwanafunzi kwa bei ndogo inahesabu viti, haihesabu vyeti. Wale 78 katika 100 ambao hawakumaliza kwa wakati nao waligharimu, waligharimu serikali, waligharimu Pell zao, waligharimu usingizi wao, na kwenye vitabu vya mahesabu inaonekana kama mambo ni nafuu.

Pamoja na hayo ASAP ina tundu kubwa na sipendi watu wanavyolipita. Inataka full taimu, na karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa komyuniti koleji wanasoma pati taimu kwa sababu wanafanya kazi. Yule mama wa CNA hawezi kuingia. Kwa watu kama yeye naangalia zaidi Amarillo College ya Texas, mji wa viwanda vya nyama, wakimbizi wako wengi. Koleji ile chini ya aliyekuwa rais wake Russell Lowery-Hart ilienda kuwauliza wanafunzi nini kinawakwamisha, na yaliyotajwa juu kabisa hayakuwa masomo, yalikuwa chakula, makazi, usafiri, mtoto wa kumwachia nani. Wakaweka ofisi moja katikati ya koleji, sio kwenye kona ya chini ya ngazi, ina wafanyakazi wa ustawi wa jamii, ina stoo ya chakula, ina hela ya dharura, na kitu cha pili wakakata semesta, masomo mengi yakawa ya wiki nane badala ya 16. Kwa mtu wa shifti hiyo ya pili ina maana kubwa, anachukua masomo mawili kwa wakati mmoja badala ya manne, na maisha yakimvuruga wiki ya tano anapoteza mawili, anaanza tena wiki ya tisa, hasubiri mpaka mwakani. Mwaka 2023 Amarillo wakapata tuzo ya Aspen, ambayo ndo kubwa kuliko zote kwa komyuniti koleji, wakaigawana na Imperial Valley ya California.

Sasa niingie kwenye unesi kwa sababu huko ndo tulikojazana. Ukimuuliza mswahili yeyote aliyeko koleji anasoma nini, jibu ni nasomea unesi. Ukweli ambao koleji nyingi hazimwambii siku ya kwanza ni kwamba hajaanza kusomea unesi. Ameandikishwa kwenye masomo ya kuelekea unesi, anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, maikrobiolojia, saikolojia, Kiingereza, na akishayamaliza ndo anaomba nafasi kwenye programu yenyewe, na nafasi ni chache. Hazipanuki kirahisi kwa sababu hospitali za kufanyia mazoezi zina idadi yake na walimu hawapatikani, nesi mwenye masters analipwa zaidi wodini kuliko darasani. Kwahiyo koleji inapokea mamia kwenye masomo ya awali, inakusanya ada, na programu inachukua sehemu ndogo tu, wanapangwa kwa pointi za maksi na TEAS, ule mtihani wa kuombea nafasi ya unesi. Aliyepata C kwenye anatomia yuko nje na hakuna aliyemwambia kwamba yuko nje, anarudia, anaomba tena mwaka unaofuata, na kwenye programu nyingi masomo ya sayansi yanakwisha muda wake baada ya miaka mitano au saba, kwahiyo kuna watu wanarudia masomo waliyoyafaulu. Ndo unakuta mtu ana krediti 80 wakati digrii ya miaka miwili ni 60, na hana cheti hata kimoja.

Hapa koleji ziwe wakweli mapema. Baada ya ile anatomia ya kwanza mtu akae na mshauri aonyeshwe wazi waliochukuliwa mwaka jana walikuwa na wastani gani, yeye ana gani, na njia nyingine zenye mshahara mzuri ni zipi, kuna LPN, unesi wa ngazi ya chini, ambayo ni ya muda mfupi na unaweza kupandia RN, unesi kamili, baadaye, kuna ufundi wa mionzi, tiba ya upumuaji, ufundi wa chumba cha upasuaji, na mengi ya masomo aliyoshachukua yanahesabika huko. Dada aliyekuwa ananyanyua wagonjwa usiku kwa miaka akihamia tiba ya upumuaji mshahara unabadilika na mgongo unapona. Kumwacha azunguke kwenye foleni kwa sababu ada yake inaingia, hiyo naiona ni dhuluma, sina neno lingine.

Katalogi yenyewe ya masomo nayo ni tatizo, kurasa mamia, ni kama kumshusha mgeni Kariakoo na hela kidogo mfukoni ukamwambia nunua vya nyumba nzima bila mwenyeji. Koleji nyingi miaka hii kumi zimeanza kupanga njia, ukisema biashara unapewa orodha ya semesta ya kwanza mpaka ya nne, na ni mwelekeo mzuri. Lakini ukishafika mwisho wa njia kuna ukuta wa kuhamia chuo kikuu. Wanafunzi kama 80 katika 100 wanaoingia wanasema wanataka digrii ya miaka minne, wanaohama ni kama theluthi moja, na wanaoipata ndani ya miaka sita ni 16. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanaohama chuo kimoja kwenda kingine wanapoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Mtu amelipia, amefaulu, chuo kikuu kinasema haya hatuyatambui. Hapo mwanafunzi hana la kufanya, ni wakuu wa vyuo na wabunge wa jimbo wakae wakubaliane.

Wanasiasa wao wanapenda zaidi kusema bure. Obama mwaka 2009 alisimama Macomb, Michigan, akaweka lengo la wahitimu milioni tano zaidi wa komyuniti koleji ifikapo 2020, na mwaka 2015 akaenda Tennessee kutangaza mpango wa koleji bure kwa nchi nzima, bunge halikuupitisha. Tennessee wenyewe walikuwa wameshaanza na mpango wao wa koleji bure, Promise, uliosainiwa 2014, wakaongeza na ya watu wazima 2018. Bure inavuta watu, hilo halina ubishi, na mimi naiunga mkono. Ila mwenye kipato cha chini kabisa mara nyingi ada yake ilikuwa inalipwa na Pell tangu zamani, kilichokuwa kinamtoa ni renti, dei kea na mafuta ya gari, na bure ya ada haigusi hapo. Texas wameenda njia nyingine, sheria ya HB 8 ya mwaka 2023 imefunga hela ya jimbo kwenye matokeo, koleji inalipwa kwa wanaomaliza na wanaohama, na wameweka uzito zaidi kwa wanafunzi maskini na watu wazima. Naifuatilia kwa matumaini na wasiwasi, maana koleji ikilipwa kwa vyeti inaweza kumsaidia mtu amalize na inaweza pia kumpa kicheti cha wiki chache kisichomletea hata dola moja ya nyongeza. Kipimo kingekuwa mshahara wake miaka mitatu baadaye, ningelala vizuri zaidi.

Na sisi wenyewe? Jumuiya zetu huku zina uwezo ambao hatuutumii kwa hili. Mtu akifiwa, ndani ya siku tatu zimechangwa dola elfu kumi na mwili unasafirishwa Bukavu au Moshi au Kisii, kuna mweka hazina, kuna orodha kwenye WhatsApp, kila mtu anajua zamu yake. Mfumo huo huo unaweza kuwa na mfuko mdogo wa wanafunzi, hela ya jenereta ya gari kuharibika, hela ya wiki mbili za dei kea, ada ya mtihani wa TEAS, vitu vya dola 300 mpaka 600 ambavyo vinamwondoa mtu koleji moja kwa moja. Na wale waliomaliza, manesi wetu, maakauntanti wetu, kila mmoja achukue wanafunzi watatu au wanne tu, awapigie wiki ya tano ya kila semesta, awaulize wanadaiwa nini, wamefeli nini, na kabla hawajaacha somo lolote wampigie yeye kwanza. Orodha ya majina iwe kwa katibu, na semesta ikianza aangalie nani hajajisajili, apigiwe kabla usajili haujafungwa.